Ndege wako hajarogwa, amebalehe

Kila mvua zinapokaribia hapa Mtwara, kuanzia mwezi wa 11 hivi, simu yangu hujaa malalamiko ya aina moja. Kasuku aliyekuwa akisinzia begani kwa mtu sasa anang'ata mpaka damu itoke. Aliyekuwa akipiga mluzi asubuhi tu sasa anapiga makelele kutwa. Wawili waliokuwa wakilishana mdomo kwa mdomo wamegeukana, na mmoja kidole kimejeruhiwa. Mama mmoja wa Chikongola alinivuta pembeni arusini ili aniulize, maana hakutaka watu wasikie: hivi kuna mtu anaweza kumfanyia kitu ndege? Nikamuuliza ndege mwenyewe ana umri gani. Akasema alimnunua Ramadhani iliyopita, akiwa bado ana weusi kwenye shina la mdomo, na sasa mdomo umekuwa mwekundu wote.

"Basi mama, hajarogwa," nikamwambia. "Amebalehe."

Alicheka mpaka mtandio ukamwanguka, lakini habari ndiyo hiyo. Kasuku hawa wadogo, ambao wauzaji huwaita lavubedi, hupevuka wakiwa na umri wa kati ya miezi 8 na 12. Tunawanunua wakiwa watoto, tunaufurahia utoto wao, halafu utu uzima ukibisha hodi tunadhani tumeuziwa ndege mbovu.

Ninaoletewa mara nyingi ni wa aina mbili. Wa kwanza ni wa kijani, uso na shingo rangi ya chungwa, na pete nyeupe kuzunguka jicho. Wazungu wanamwita kwa jina la Gustav Fischer, daktari Mjerumani aliyezunguka Afrika Mashariki katika miaka ya 1870 na 1880. Wa pili ana kichwa cheusi na kola ya njano. Wote wawili ni Watanzania wa kuzaliwa, na wote walipewa majina ya kisayansi na Mjerumani mwingine, Anton Reichenow, mwaka 1887. Ila si watu wa kusini. Fischer kwao ni kusini mwa Ziwa Victoria, kuanzia Serengeti kushuka Shinyanga mpaka Singida. Yule wa kichwa cheusi kwao ni nyika za katikati na kaskazini mashariki ya nchi, ingawa yapo makundi yaliyotoroka vizimbani na sasa yanajitafutia riziki Dar es Salaam. Huko porini hutaga kwenye matundu ya miti, na tundu zuri la mti halipatikani hovyo. Jike asiyeweza kulipigania halilali, na asiyelilala hazai. Kwa hiyo huyo wa gramu 50 anayekurukia ukiingiza mkono kubadilisha maji hana roho mbaya. Anafanya kazi aliyozaliwa nayo, bahati mbaya anaifanya dhidi ya kidole chako.

Na kwa kawaida ni jike. Watu wengi hudhani ndege mkali ndiye dume, wakampa jina la kiume, mpaka siku wanapokuta yai sakafuni. Kwa Fischer na yule wa kichwa cheusi, dume na jike wanafanana kabisa kwa macho. Muuzaji anayekuapia kwamba hii ni jozi anakisia tu kama wewe.

Jike wa ndege hawa ana ovari moja tu inayofanya kazi, ya upande wa kushoto. Nje ya msimu husinyaa ikawa kitu kidogo sana, msimu ukifika huvimba, na korodani za dume, ambazo zimo tumboni, hufanya vivyo hivyo. Kinachoziamsha ni habari kutoka nje: mwanga, chakula, mvua, mahali pa kutagia, mwenza. Habari hizo zikikatika, ovari inasinyaa tena, homoni zinashuka na ukali unapungua nazo. Ndiyo maana dawa ya ukali huu haiwi kwa ndege, iko nyumbani. Nyumba zetu zinamwambia ndege azae mwaka mzima, halafu akitii tunamgombeza.

Nianze na taa, kwa sababu ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Hapa Mtwara urefu wa mchana haubadiliki sana. Mwezi wa 12 jua linatuangazia kama saa 12 na dakika 40, mwezi wa 6 kama saa 11 na nusu. Ndege wa huku hajazoea mchana wa saa 16. Lakini kizimba kikiwa sebuleni, chini ya taa ya umeme, na televisheni inawaka mpaka tamthilia ya mwisho iishe saa 5 usiku, mchana wake ni wa saa 17. Na asikudanganye kwa kufumba macho. Ndege ana seli za kuhisi mwanga ndani kabisa ya ubongo, na mwanga huzifikia kwa kupenya manyoya na fuvu, hata akiwa amelala. Mimi nilianza kuishuku taa msimu mmoja ambao umeme ulikuwa ukikatika karibu kila jioni. Sisi tulinuna, Chausiku akatulia.

Chausiku ndiye jike wangu, Fischer. Mwenzake wa chumba cha pili anaitwa Bwana Shamba kwa sababu ya ile kijani yake na namna anavyokagua kila jani la mchicha kabla hajaligusa.

Giza linalofaa ni la saa 10 hadi 12 mfululizo. Mimi hufunika kizimba saa 1 jioni na kufunua saa 12 na nusu asubuhi, na nguo inayofaa kuliko zote kwa pwani hii ni kaniki: nyeusi, nyepesi, na inapitisha hewa. Blanketi kwa joto la Mtwara ni kumpika. Upande mmoja unaoelekea ukutani uache wazi. Kama nyumba ni ya chumba na ukumbi na hakuna pa kukimbilia taa, kihamishie kizimba jikoni baada ya kupika, moshi ukishatoka, au kwenye kona ya chumba cha kulala watoto, maana wao hulala mapema. Tena usiwashe dawa ya mbu ya moshi karibu naye. Mapafu ya ndege hayana mzaha na moshi.

Halafu kuna chungu. Sijui nani alianzisha mtindo huu, lakini karibu kila kizimba ninachoonyeshwa kina chungu kidogo kimefungwa kwa waya pembeni, au kifuu cha nazi kilichotobolewa, "ili ndege apate pa kulala." Kasuku hawa hawahitaji nyumba ya kulala. Wanalala wakiwa wamesimama juu ya kijiti, kichwa kimegeuzwa mgongoni, na wanaridhika. Ukimpa jike chungu, umempa lile tundu la mti ambalo mababu zake walilimwagia damu. Kuanzia siku hiyo kizimba chote ni uwanja wa kulinda chungu. Ukali wa ndege wengi ninaoletewa hupungua kwa kiasi kikubwa wiki chache tu baada ya chungu kutolewa, bila kingine chochote. Toa chungu, toa kifuu, toa kisanduku, toa kile kihema cha kitambaa ulicholetewa zawadi kutoka Dar. Angalia na sakafu: jike asiye na chungu huingia chini ya gazeti ulilotandika na kujitengenezea pango. Weka wavu juu ya gazeti asilifikie. Akiwa nje ya kizimba, anachotafuta ni nafasi nyuma ya kabati, ndani ya droo iliyoachwa wazi, ndani ya kiatu. Bwana Shamba hana habari na viatu. Chausiku aliwahi kumiliki kandambili ya mgeni mchana kutwa, mgeni akaondoka na viatu vya mtu.

Makuti nayo yana kisa. Kibaraza chetu kimeezekwa makuti, na kizimba kilikuwa kikining'inia chini yake, ndege anapata upepo wa baharini. Siku moja nikakaa kumtazama Chausiku akifanya kazi. Anauvuta ukuti kupitia waya, anaukandamiza kwa mguu, kisha anapitisha mdomo pembeni, tik, tik, tik, anatoboa vitundu vidogo vilivyofuatana kwa mstari ulionyooka mpaka ukanda mwembamba unachanika mzima mzima, urefu wa kidole. Anaugeuzageuza mdomoni mpaka aupate katikati, ndipo anaruka nao kona ya nyuma. Wenzao wa uso wa waridi, wale wa Namibia na Angola, wana mtindo mwingine: wanachomeka vipande kwenye manyoya ya kiunoni na kuruka vimening'inia. Kwa vyovyote, ukiona ndege wako anachana karatasi, majani au makuti kwa vipande vinavyolingana na kuvibeba, ameshaanza kujenga. Kutafuna ni haki yake na lazima apate cha kutafuna, lakini kipindi hicho mpe kisichochanika vipande: kijiti kibichi cha mpera chenye ganda lake, bunzi la mahindi. Kizimba nilikihamishia upande wa pili wa nyumba, chini ya bati.

Kuhamisha kizimba kuna faida nyingine. Jike aliyekwisha jimilikia kona analinda ramani aliyoizoea. Ukibadilisha vijiti mahali pake, ukageuza kizimba upande, ukakihamisha hata mita mbili, anakuwa mgeni kwake mwenyewe na anapunguza ubabe kwa siku kadhaa. Rudia wiki mbili baadaye, ila kwa kiasi; ndege anayeishi kwenye vurugu kila siku ataanza kujinyonyoa manyoya, nawe utakuwa umebadilisha tatizo moja kwa jingine.

Chakula, sasa. Hapa kusini tuna ugonjwa wetu: korosho. Msimu wa minada ukifika hakuna nyumba isiyo na korosho zilizobanguliwa, na mtoto akila lazima ammegee ndege. Ndege anaipenda mno. Lakini punje moja nzima kwa kiumbe wa gramu 50 ni kama mtu wa kilo 60 kukaa chini na kumaliza karibu kilo mbili za korosho peke yake. Mafuta mengi kiasi hicho ni ujumbe kwamba neema imefika, taga. Alizeti ni hivyo hivyo. Chakula laini cha moto, kama wali au uji, kinamkumbusha kile anachocheuliwa na dume wakati wa uchumba. Kwa hiyo msimu wa ukali mimi hubaki na uwele, mtama na ulezi, mchicha, majani ya mlonge, kipande cha karoti, basi. Korosho ya kubanguliwa ikiliwa ni chembe ndogo, na ni malipo ya mafunzo, si chakula. Mbichi yenye ganda asiiguse kabisa, mafuta ya ganda yale yanaunguza hata mikono ya wabanguaji. Na parachichi halitolewi kamwe, msimu wowote. Ni sumu kwao. Nimesema kupunguza utajiri wa chakula, sikusema kumfungisha. Ndege mdogo hivi akikosa kula siku nzima anaweza asiione ya pili, na wapo watu wanaomnyima chakula "apate adabu."

Jingine ni mapenzi yetu wenyewe. Kumpapasa mgongoni, chini ya mbawa na karibu na mkia ni lugha ya dume kwa jike. Unadhani unambembeleza, yeye ameelewa umeposa. Mkune kichwani na shingoni tu. Kumlisha kutoka mdomoni mwako, jambo ambalo vijana wengi wanalipenda kwa ajili ya video, ni uchumba mtupu, na mate ya binadamu yana vijidudu visivyomfaa. Dume naye ana kasheshe zake: Bwana Shamba alikuwa akikicheulia chakula kioo kutwa nzima na kumrukia yeyote aliyekisogelea. Kioo kikatoka. Alinuna siku kadhaa, akarudi kwenye mchicha wake.

Ukishaondoa yote hayo, bado utang'atwa. Mwili hautulii usiku mmoja, wiki tatu au nne ni kawaida. Muda huo usiishi kwa kung'atwa. Ndege hang'ati ghafla kama tunavyosimulia. Huwa ameshasema mara kadhaa. Manyoya yanalala na kubana mwilini, anajinyoosha mbele, kichwa chini, mdomo wazi kidogo, anakimbia kijitini kwenda na kurudi huku mkia umetanuka. Ukiona hivyo ondoa mkono polepole. Usafi ufanye akiwa nje ya kizimba. Mtoe kwa kijiti, si kwa vidole: mfundishe kupanda kijiti cha mpera, mbali na kizimba chake, chumba kingine kabisa, ambako hana cha kulinda. Akipanda anapewa punje chache za uwele. Ndege huyo huyo aliyekuwa simba mlangoni mwa kizimba, akiwa chumba cha jirani anakuwa mtoto wa madrasa.

Akikung'ata, usiutoe mkono kwa kishindo, usipige kelele, usimpulizie usoni. Mweke chini mezani kwa utulivu na umgeuzie mgongo kwa dakika moja. Kelele zako kwake ni mchezo mzuri, atataka urudiwe. Na kumpiga, hata kwa kidole, kunamfundisha kitu kimoja tu: kwamba mkono ni adui kweli. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Ukimkasirikia ndege unajirusha mwenyewe kwenye dau lake. Kuna wanaokata ncha ya mdomo ili asing'ate. Mdomo wa kasuku una mishipa ya damu na ya fahamu, na ndiyo mkono wake wa kulia na mguu wake wa tatu wakati wa kupanda. Anayekupa ushauri huo usimpe ndege wako hata kumshika. Kukata mbawa hakuzuii kung'ata pia, kunamfanya tu ashindwe kukimbia, na asiyeweza kukimbia hupigana.

Mayai nayo. Jike hutaga hata bila dume, yai moja kila baada ya siku mbili hivi, kwa kawaida manne hadi sita. Silika yetu ni kuyatoa haraka yaishe. Ukiyatoa atataga mengine kufidia, na mengine, mpaka mwili ukaukiwe. Yaache. Kama yupo na dume na hutaki makinda, chukua kila yai siku lilipotagwa, lichemshe, lipoe kabisa, liweke alama ya penseli na ulirudishe. Ataatamia kama siku 23 au zaidi kidogo, ataona hakuna kitu, atayaacha mwenyewe. Hapo ndipo unayatoa, pamoja na chochote alichokigeuza kiota.

Ganda la yai linatokana na chokaa ya mwili wake, na kwa hili sisi wa pwani tumebarikiwa. Ule mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa ufukweni Shangani baada ya maji kupwa ndio huo huo unaouzwa madukani Dar kwenye pakiti. Uloweke kwenye maji baridi yasiyo na chumvi kwa siku kadhaa ukibadilisha maji, uanike juani ukauke kabisa, uubane kwenye waya. Na umtoe apigwe na jua la asubuhi, maana bila jua chokaa haiingii mifupani sawasawa. Jike aliyepungukiwa anaweza kukwama na yai. Utamwona amejivimbisha manyoya, ameshuka sakafuni, anajikaza, mkia unapanda na kushuka, na hataki kula. Hilo si la kusubiri kesho. Mpe joto, mahali pa giza na utulivu, na umwite daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Wengi wamezoea ng'ombe na kuku, sawa, lakini yai lililokwama ni yai lililokwama.

Daktari pia ndiye wa kumwona kama ukali umekuja ghafla nje ya kila nililolieleza, ndege amepungua uzito, kinyesi kimebadilika rangi, au analala mchana. Anayeumwa hung'ata pia.

Sasa nifike kwa mjomba. Si mjomba wangu wa damu, ni mzee mmoja wa Mikindani, ila huku heshima ya mjomba haipimwi kwa damu. Alikuja na bodaboda, kizimba kakipakata magotini kimezungushiwa kikoi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea mke na mume, wanataka kuuana."

Nikafunua kikoi. Wote Fischer, wote wazuri, mmoja kidole cha nyuma hakina ukucha na damu imekauka kijitini. Ndani ya chungu mayai tisa. Nikamuuliza kama yamewahi kuangulika hata moja. Hayajawahi, na huu ni mzao wa tatu.

"Mjomba, hapa hakuna mume. Hawa ni wake wenza."

Aliyatazama mayai muda mrefu, akasema kumbe ndiyo maana. Jike mmoja hatagi tisa kwa kawaida. Majike wawili wakifungiwa pamoja tangu utotoni hufanya urafiki wa kweli, hulishana, hutaga chungu kimoja, na kwa muda huonekana jozi nzuri kuliko jozi. Kisha siku inafika wote wawili wanakitaka chungu. Na wanapopigana hulenga vidole, kwa sababu aliye juu ya kijiti vidole vyake ndivyo vilivyo karibu na mdomo wa mwenzake. Watu huchukulia kidole kwa wepesi. Ndege wa gramu 50 ana damu ya kama kijiko kimoja cha chai mwili mzima. Matone machache yaliyotapakaa kizimbani ni sehemu kubwa ya uhai wake. Bana jeraha kwa kitambaa safi chenye unga wa wanga mpaka damu ikome, mtenge, ndipo uanze kutafuta nani mwenye kosa.

Kutenga maana yake ni vizimba viwili. Wavu wa katikati hautoshi, watang'atana vidole kupitia wavu. Waone, wasikie, lakini kuwe na nafasi ambayo mdomo haufiki.

Mjomba, akiwa mtu wa ufumbuzi wa haraka, akauliza: si awatafutie madume tu, kila mmoja wake, watulie? Swali hili naulizwa sana, na wanaouliza huamini kwamba ukali ni kiu na kuzaa ndiko maji. Ni kinyume. Jike mwenye makinda ndiye mkali kuliko wote. Makinda hutoka kiotani wakiwa na wiki sita hivi, na wiki mbili baadaye wanajilisha. Mama anaweza kuwa tayari anataka kutaga tena, na akiwaona wamebaki karibu na chungu huwanyonyoa na kuwang'ata wale wale aliowalea. Unahitaji kizimba cha tatu. Halafu wanapevuka, unahitaji cha nne. Kuna na sheria: ndege hawa ni wanyamapori, na chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 kuwafuga kunataka kibali. Tangu mwaka 2016 serikali iliposimamisha kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, mambo haya yanaangaliwa kwa makini zaidi. Kabla hujanunua hata mmoja, pitia ofisi ya maliasili ya wilaya au TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, uulize. Ni bora swali la leo kuliko maelezo ya kesho.

Baada ya mwezi na ushee mjomba alinipigia kuuliza kama wake wenza wake wanaweza kurudiana, maana wanaitana toka chumba kwa chumba na nyumba imekuwa haikaliki. Inawezekana kwa baadhi, si kwa wote. Wawekwe kwenye kizimba kipya ambacho hakuna kati yao aliyewahi kukaa, hakina chungu wala kona ya kujificha, kina vyombo viwili vya chakula na viwili vya maji mbalimbali, asubuhi, siku ambayo una nafasi ya kukaa hapo mpaka jioni. Kugombana kwa midomo na kelele si neno. Mmoja akianza kuitazama miguu ya mwenzake na kuifuata, watenge kabla ya Adhuhuri wala usijaribu tena mpaka msimu upite.